Fomu ya Maji, Port Bell

Fomu zimetoka pwani, zina safu mbili:
maji kujaa, saa. Maji kupwa, saa.
Hapa Luzira ziwa halimfuati mwezi.
Safu zote huwa naziacha wazi.

Wabwire anatupa bildi, anavuta, anahesabu mafundo:
pima tatu. Pima mbili, na tope.
Mabehewa kumi na tisa ya kahawa yako relini,
meli ya Mwanza imeshapiga honi mara mbili,
na usiku kisiwa kimehama.

Kisiwa kizima! Mafunjo, magugu maji,
kiota cha korongo, hata mgomba umesimama wima;
kimekuja bila nanga, kikaziba njia
kama mgeni aliyelala kizingitini.

Tunakikata kwa misumeno mpaka adhuhuri.
“Basi andika,” Wabwire anacheka, “kujaa: saa tisa usiku.”
Naandika.
Kupwa?

Namtazama Akello kwenye boti, kamba imekaza,
kisiwa kinasogea shubiri, kinagoma,
kinasogea.

Pwani watasoma, watasema tumekosea.
Kwao bahari iko mlangoni.
Yangu huanzia hapa, kwenye uwazi huu mwembamba,
rangi ya chai,
ambao kesho nitaupima upya.