Wino wa Mchunguzi

Mimi tabibu wa meno,
mkongwe kwenye kibano;
miaka kumi na tano
ada yangu nalipia.

Kila Desemba, si haba,
ninatoa elfu saba;
Bodi yajaza kibaba
kesi kuzigharimia.

Kuna fungu la wakili,
fungu la kusaka kweli,
na la chai, na hoteli;
hayo sikufikiria.

Mwaka huu Mwanashee
kaandika: "Nitetee!
Jino bovu nililee?
Zima amelivamia!"

Akashuka mchunguzi
Manda, mkoba wa ngozi;
akaagiza viazi,
risiti kashikilia.

Langoni kila baraza
ikaanza kuuliza:
"Gharama si ya kubeza,
nani amemlipia?"

Nikapiga hisabati:
ndege, boti, na chapati,
ada yangu, kila noti,
ndiyo imemlipia.

Nami nitafute wangu
wakili, kwa pesa zangu;
mjeledi, mali yangu,
mgongo wanichapia.

Na Bunu, mwenzangu Pate,
asiye na doa lote,
kosa langu ni la sote,
mfukoni twachangia.

Kisha nikamkumbuka
Kombo, aliyejivika
koti jeupe la shuka,
Mkomani katibia.

Taya la dada Zubeda
lilioza; bila ada
nani angepata muda
wa kuja kumsikia?

Akafungua faili:
"Lipi bovu? Sema kweli."
Nikamwambia: "La pili;
la tatu nikavamia."

Kaandika polepole,
sikupiga makelele;
wino ulikuwa ule
niliomnunulia.