Hesabu ya Mwisho wa Mwaka

Desemba. Mvua inapiga mabati ya depo yetu ya kahawa
huku chini karibu na bandari ya Bukavu,
nami nina kalamu, daftari, na amri ya patroni:
andika kila kitu tulicho nacho.

Nimeandika mizani mbili, moja inadanganya kwa gramu arobaini.
Nimeandika jenereta. Magunia mia sita na kumi na mawili.
Kamiyo moja yenye matairi ya kuombewa.
Meza za kuchambulia, viti visivyolingana,
hata paka; kisha nikamfuta.

Halafu nikafika kwa Nsimire M'Kabuya,
kalamu ikagoma.

Anakaa meza ya tatu, upande wa dirisha.
Vidole vyake vinapita juu ya buni upesi upesi,
huku akibishana na jirani yake juu ya bei ya sombe.
Ghafla vinasimama. Punje moja.
Nzima, haina tundu, rangi yake ya jiwe la ziwani.
Anaipapasa mfereji kwa dole gumba,
anaitupa koponi. "Mdudu alipita hapa."
Maneno ya sombe yanaendelea.

Nimeiokota punje ile, nimeiweka chini ya taa.
Sikuona kitu. Nimevaa miwani, nina diploma.

Ya samaki mmoja mnaijua. Ya punje je?
Punje moja iliyoguswa na mdudu yule
ikisagwa pamoja na nyingine, kikombe kinanuka kiazi kibichi,
na bwana mmoja kule Anvers anakisukuma kando,
anafuta mdomo, anaandika barua fupi.
Barua hiyo ninayo. Iko kwenye faili nyekundu,
ya mwaka ule patroni aliponunua mashine yenye macho ya kamera
akawapeleka wachambuzi nyumbani miezi minne.
Mashine ilitoa nyeusi zote, ilitoa zilizovunjika.
Zile nzuri zenye ugonjwa ikazipitisha kwa heshima.

Washindani wetu wa Nguba nao wanayo, ileile, chapa ileile.
Kahawa yao inatoka Kalehe na Idjwi, kama yetu.
Barabara moja, vizuizi vilevile, matope yaleyale.
Lakini Anvers anatuongezea senti sitini kwa kila kilo.
Nimepiga hesabu mara tatu, nimeondoa mafuta, ushuru, chai ya askari:
kinachobaki ni dole gumba la mtu mmoja.

Na dole hilo limo daftarini, nisiseme uongo.
Ukurasa wa gharama. Vibarua, chini ya mazuti, juu ya sabuni.

Juzi nilimwomba awafundishe wasichana wapya.
Alinitazama kama mtu anayetazama bei iliyokosewa.
"Mama alinifundisha Katana, misimu saba, 
na kofi kwa kila punje niliyoikosa.
Mimi siwezi kuwapiga watoto wa watu.
Basi itachukua misimu kumi.
Nanyi mnanilipa kwa kilo, Mugisho.
Nikifundisha, nani ananichambulia zangu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kikokotoo.

Akaniambia pia, bila kuulizwa,
kwamba mtu wa Nguba alikuja kwake Jumapili na bahasha.
"Ukamwambiaje?"
"Nilimuuliza kama kwao meza ziko karibu na dirisha."
"Akasemaje?"
"Kwamba atauliza."

Kwa hiyo leo nimefungua ukurasa wa mali.
Baada ya kamiyo nimeandika, kwa penseli: Nsimire, kujua kwake.
Upande wa thamani nimeacha wazi.
Patroni atauliza ni kichekesho gani hiki.
Nitamwonyesha faili nyekundu, kisha nitamwonyesha dirisha.

Saa kumi na moja jioni. Ananawa mikono kwenye pipa,
anavaa kandambili, anafungua mwavuli wenye ubavu mmoja uliovunjika,
anashika njia ya kupanda Kadutu.
Namfuata kwa macho mpaka kona ya duka la simu.

Nyuma yangu mlinzi anafunga depo kwa kufuli mbili,
anazivuta moja moja,
kuhakikisha hakuna kitakachoibiwa.