Mstari wa Penseli

Silverton. Theluji imefunga barabara ya kaskazini.
Bi Trembath ananitandazia ramani ya mwaka 1902,
pembe moja ameikandamiza kwa kikombe cha chai.
Kontua za kahawia
zimeachana bondeni kama nyuzi za kanga iliyochakaa,
kisha, karibu na kilele, zimebanana
hata ukucha haupenyi.

Reli haibishani nazo.
Inaufuata mto kona kwa kona,
mto ukibanwa na genge, nayo inajikunyata,
mto ukipata nafasi, nayo inajinyoosha.

Lakini upo mstari mwingine, wa penseli,
umenyooka kama rula, kutoka mgodini hadi stesheni,
kwa pupa ya kijana.
Umekatika katikati ya mlima.

"Huyo babu yangu," anasema.
"Alipoteza nyumbu kumi na mmoja pale,
na vidole viwili.
Hakuufuta."

Penye nia pana njia, walisema wahenga.
Nia alikuwa nayo.

Nje, gari la kuondoa theluji linapanda,
taa yake ya manjano inapinda
palepale maji yanapopinda chini ya barafu.