Tanuri Liliuzwa Likiwa Moto

Siku waliyolinunua tanuri langu
hawakuja na mkokoteni.
Halikusogea hata inchi. Halikupoa.
Boflo za alasiri zilikuwa ndani, zikiumuka,
na mimi mwenyewe nilikuwa Barabara ya Digo,
ghorofa ya pili, meno yakigongana kwa baridi ya mashine,
nikiwauzia.

Nyambu, kijana wa benki, tai imemkaba koo,
alinieleza kama anayemlisha mgonjwa uji:
"Mama Shufaa, riba hatuigusi.
Tutalinunua tanuri kwa pesa taslimu.
Kwa pesa hizo utawamaliza wote watatu.
Kisha papo hapo tutakuuzia wewe,
bei imepanda kidogo,
ulipe miezi thelathini na sita."
"Kidogo ngapi?"
Akakigeuza kikokotoo kinitazame.

Wote watatu. Niwataje, wasije wakasema nimewasahau.
Hasanali wa Mwembe Tayari, magunia arobaini ya unga,
niliyoyachukua kwa tamaa ya futari,
stima ikapotea siku nne
mashine ya kukandia ikalala kama ng'ombe mgonjwa.
Wa pili ni simu, hii hii niliyoishika,
inayoniamsha saa kumi za alfajiri: *Mpendwa mteja.*
Mpendwa!
Marehemu mume wangu, miaka kumi na tisa,
hakuwahi kuniita hivyo.
Na yule wa kila Jumatatu, daftari jekundu kwapani,
chai hataki, kiti hataki,
ataka kusimama mlangoni tu
Guraya nzima imwone.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa,
wakanyamaza.
Hawakusema ulipe kwa nini.
Wakasema tena, kukopa harusi, kulipa matanga.
Sasa hii ya kukopa ili nilipe
tuiiteje, harusi ya matangani?
Niende nimevaa nini?

Nikamuuliza Nyambu:
"Hapo katikati, mkishanunua na hamjauza,
tanuri ni la nani?"
Akacheka. Kisha akafunua karatasi, akaacha kucheka.
"Ni letu, mama. Kama dakika nne hivi."
"Na boflo zilizomo ndani?"
"Boflo gani?"
"Mia mbili na arobaini."
Akamtazama mwenzake wa meza ya pili.
Mwenzake akatazama dari.

Nikatia sahihi mara kumi na moja.
Ya mwisho sikuijua kuwa ni yangu.

Nilipofika Majengo, Karisa alikuwa kifua wazi,
koleo mkononi, apuliza vidole.
Dakika nne amemtumikia tajiri mwingine
na hakuna aliyemwambia.
"Mbona walitazama hivyo?" akaniuliza.
Nililitazama lile tanuri
kama mke aliyeachwa na kurejewa
kabla chai haijapoa,
ila mahari imeongezwa
na nadaiwa mimi.
Matofali yale yale. Ufa ule ule wa kushoto,
nilioukandika kwa udongo mwaka wa mafuriko.
Nikaweka kiganja, nikaungua, nikaridhika.

Jumatatu akaja wa daftari jekundu.
Nikamhesabia zote, noti juu ya noti,
akalamba kidole, akahesabu upya.
Akafuta jina langu kwa mstari mmoja, wa haraka mno,
nilitaka achukue muda zaidi.
Kisha, ajabu, akavuta kiti.
"Chai ipo?"
"Ipo. Shilingi thelathini.
Hapa hatukopeshi."

Uongo. Nyuma ya mlango liko daftari langu,
Bi Mwanasiti wa viazi karai, boflo tangu Mfunguo Nne,
Kombo fundi baiskeli, na wengine
ambao siwaandiki, nawakumbuka tu.
Hakuna aliyeninunulia hayo.

Simu sasa imenyamaza.
Saa kumi naamka vivyo hivyo,
nalala macho nikingoja kuitwa mpendwa,
kisha naenda kuwasha.
Sitini za kwanza ni za Barabara ya Digo.
Nimezipiga hesabu: kila siku sitini, miezi thelathini na mitano.
Karisa azipakua pamoja na nyingine,
hazina alama, hazina harufu ya kwake.
Mimi nazijua.
Nazigusa kwanza, moja moja,
kama mtu ahesabuye wageni
kabla ya kugawa sahani.