Saa Tisa na Dakika Kumi na Saba

Leo kimeamka saa tisa na dakika kumi na saba.
Jana ilikuwa saa kumi kasorobo;
juzi, usiku wa mawingu, saa kumi na nusu.
Sikukigusa. Naandika tu daftarini, kama nilivyoagizwa,
kwa kalamu niliyoipasha kwanza kwapani,
maana wino wa Molo nao hulala.

Ni kisanduku tu, cheupe, ukubwa wa biblia ya mfukoni,
kando ya mlango wa kivungulio namba sita.
Jioni hushusha joto, nyuzi kumi na nane hadi kumi na mbili.
"Waridi halibembelezwi usiku kucha," meneja husema,
"na kuni hazioti benki."
Lakini jua lichomozapo sharti likute kumi na nane zimerudi,
na zimerudi polepole:
hewa ikitangulia kupata moto, ua likabaki baridi,
umande hulitua mapajani,
na nyuma ya umande ukungu wa kijivu
huingia bila hodi.

Basi kisanduku kina swali moja:
nianze lini?
Hupima baridi ya nje, hupima ya ndani,
hukumbuka jana kilichelewa dakika ngapi,
kisha huhesabu kurudi nyuma kutoka alfajiri
kama mtu apigaye hesabu ya nauli kabla hajafunga mlango.
Usiku ukiwa mkali, huanza mapema.
Hakuna siri nyingine.

Wiki ya kwanza kilikosea vibaya.
Kilianza saa kumi na moja, jua likakuta nyuzi kumi na nne.
Kesho yake kikakurupuka saa nane,
shehena ya mkaratusi ikateketea kumpashia mtu ambaye hayupo.
"Kinajifunza," fundi akasema.
Ndegwa Karuri, aliyechochea tanuri hili miaka kumi na mmoja
akipima baridi kwa sikio lake la kushoto,
alikuwa amekuja kudai mshahara wake wa mwisho.
"Mimi," alisema, "mlinihesabia kosa moja."
Hakuna aliyemjibu. Pampu ilinguruma.

Mimi nami nina nyumba.
Nilimuuza mtamba bila kumwambia Jebiwott.
Huu ni mwezi wa pili.
Kila asubuhi naingia saa moja na nusu, nasema "Umeamkaje,"
nami nataka papo hapo kumi na nane.
Ananimiminia chai. Chai ni ya moto.
Kuta ndizo hazijapata habari.

Nani alinidanganya kwamba nyumba hupata joto mlangoni?
Iliyopoa kwa miezi miwili
haianzwi asubuhi.

Nimetoa simu. Nimeandika: *Yule mtamba.*
Nimefuta.
Nimeandika: *Umelala?* Upuzi, nani hajalala saa hizi,
isipokuwa mimi, na kisanduku, na pengine yeye.
Nimefuta tena.
Mabomba yameanza kugongagonga, chuma kikijinyoosha;
maji ya moto yana mita mia na themanini
kabla hayajafika kitanda cha mwisho,
na huko mwisho bado ni usiku mtupu.

*Nilikosea kuhusu mtamba. Nilipaswa kukuuliza.*
Nimetuma, saa tisa na dakika hamsini na mbili.

Sijui kama ni mapema ya kutosha.
Naandika daftarini: kumi na mbili
na nusu.