Daftari la Jumba Namba Sita

Kaka Shaame anafungua redio ya kaseti kwa bisibisi ya cherehani
huku akinisomesha: ilianza Bronksi, mwezi wa nane,
dada mmoja akitaka nguo mpya za kufungulia shule.
Akaandika kadi kwa mkono, akatoza kiingilio.
Kaka yake akaweka santuri,
akaona watu wanaingojea ile sehemu
ngoma inapobaki peke yake.
Akairudisha. Akairudisha tena.

Mimi nimeshika tochi. Umeme wa Michenzani
umekatika tangu magharibi.
"Na wao ukikatika?"
"Waliuchota kwenye nguzo ya taa, barabarani."

Nachungulia dirishani. Nguzo yetu ipo,
imeinama, haina hata glopu.
Huko majumba yaliungua, wenyewe wakavuna bima;
haya yetu ya zege yamenyooka kama rula,
na lifti haijawahi kunishusha.

"Basi ni ya kwao," nasema.
Shaame anapuliza vumbi kwenye hedi.
"Ngoma ni ya anayeirudisha."

Sijakubali. Bibi Mize hapo chini
alijibizana na jirani yake miaka saba,
kwa kanga tu, bila kipaza sauti.
Yeye nimwandike ukurasa gani?

Tochi inafifia.
Naitikisa; inarudi.