Banda la Magharibi

Ramani niliichora mimi, sikatai.
Kamati ilitaka nyumba ya kwetu, mgeni akiingia Mamboleo
aione tangu langoni, ajue papo hapo tu nani.
Nikachora msonge.
Mimi, mzaliwa wa Manyatta,
wa chumba cha mabati na kona zake nne,
dari ya magunia ya sukari ya Muhoroni.

Saruji ikapakwa rangi ya udongo.
Nyasi zikaja za plastiki, ndani ya katoni,
na karatasi ya maonyo: ziwekwe mbali na moto.
Mwenyekiti Kisiang'ani akaupima mlango kwa mwavuli wake:
"Urefushwe. Waheshimiwa hawainami."

Kisha akaja Rosalia Awuonda, kibarua wa kukandika,
na ndoo tatu: udongo wa Seme, majivu, samadi.
Akaizunguka nyumba polepole
kama anayekagua ng'ombe wa mahari.
"Jiko liko wapi?"
Nikamwonyesha swichi.
"Na mwenyewe?"
Nikamwonyesha bango la wafadhili.

Akacheka hadi leso ikamlegea.
"Mwanangu, mimi nadunduliza nipate vigae vya buluu,
na nyinyi mnanilipa nirudi nilikotoka."

Udongo ukateleza. Akapaka tena, ukateleza.
Akaomba panga, akaikwaruza saruji
toka chini hadi usawa wa bega,
ukuta mzima ukilia meno.
"Usipoumizwa kidogo haushiki," akasema,
sijui kama alikuwa akiusemesha ukuta.

Tulishika nafasi ya pili.
Walitushinda wa Bonde la Ufa kwa kibuyu cha zege
chenye ngazi ndani na duka la maziwa shingoni.
Mtoto mmoja wa Kondele aliuliza,
"Baba, kwani sisi tuliishi humu?"
Baba akasoma kwanza kibao
ndipo akajibu, ndiyo.

Jumatatu ikaja tingatinga.
Nyasi zilichukuliwa na mwenye baa ya Dunga,
mlango ule mrefu sijui ulikwenda wapi.
Mimi niliokota kipande cha ukuta, saizi ya sahani,
udongo umeng'ang'ania saruji,
na juu yake vidole vinne na ubavu wa kiganja.

Kiko mezani, kimekandamiza ramani nyingine.
Wateja huuliza, hiki ni cha kabila gani?
Nawaambia ni cha Jumanne,
kabla ya saa nne,
udongo ukiwa bado mbichi.